Kosa la Unyofu: Kuhusu Athari ya Albamu ya Kwanza ya American Football

Wapenzi wa muziki wa emo na maadui wake wamegombana kwa zaidi ya miongo miwili kuhusu thamani ya albamu ya kwanza ya kundi la American Football, na katika ugomvi huo wote kambi hizi mbili hazijatambua kwamba zinakubaliana juu ya jambo lililo la msingi kuliko yote. Zote mbili zinaamini kwamba albamu hiyo ni shajara. Mpenzi huiheshimu kwa sababu, kwa maoni yake, kijana fulani alifungua moyo akasema kweli. Adui huibeza kwa sababu, kwa maoni yake, kijana fulani alifungua moyo akalia mbele za watu. Tofauti iliyopo ni ya ladha tu. Dhana ya kazi yenyewe ni moja, na dhana hiyo ni potofu. Madhumuni ya makala haya ni kuonyesha kwamba albamu hii imedumu kwa sababu zilizo kinyume na unyofu inaosifiwa kwao, na kwamba uhakiki unaoshindwa kuliona hilo hauwezi kueleza athari ya kazi yoyote ambayo maneno yake hayajitoshelezi yakiwa karatasini.

Kwa msomaji ambaye hajakutana na kazi hii, habari zake si nyingi. American Football iliundwa na vijana watatu katika mazingira ya Chuo Kikuu cha Illinois, kwenye miji pacha ya Champaign na Urbana, Marekani: Mike Kinsella aliyeimba na kupiga gitaa, Steve Holmes aliyepiga gitaa la pili, na Steve Lamos aliyepiga ngoma na tarumbeta. Mwaka 1998 walitoa santuri fupi ya nyimbo tatu. Mwezi wa Septemba 1999 kampuni ndogo ya Polyvinyl ikatoa albamu yao ya nyimbo tisa, isiyo na jina jingine ila la bendi yenyewe. Ilirekodiwa wakati wanabendi walikwisha kujua kwamba masomo yanamalizika na kundi linavunjika, na kufikia mwaka 2000 kundi halikuwapo. Albamu ilipigwa katika redio za vyuo, ikanunuliwa na wachache, ikanyamaza. Ilipochapishwa upya mwaka 2014 watu waliokuwa wakiisubiri walikuwa wengi kiasi kwamba kundi lililodhaniwa kuwa maiti lilirudi jukwaani, likauza tikiti zote za maonyesho ya usiku kadhaa katika jiji la New York, kisha likatoa albamu nyingine mwaka 2016 na mwaka 2019. Swali la mhakiki ni hili: miaka hiyo 14 ya ukimya ilifanya nini?

Jina lenyewe la utanzu ndilo lililowapotosha wengi. Neno emo lilichipuka Washington, D.C., katikati ya miaka ya 1980, likiwa ufupisho wa kejeli waliobandikwa wapiga panki kama Rites of Spring, ambao walithubutu kuimba huzuni ya mtu binafsi katika utanzu uliozoea kuifokea serikali. Waliobandikwa jina hilo walilikataa. Katika miaka ya 1990 lilihamia Magharibi ya Kati, kwenye majiji ya Chicago na Milwaukee na katika miji ya vyuo ya Illinois, ambako makundi kama Cap'n Jazz, Braid na The Promise Ring yaliusuka ukali wa panki pamoja na gitaa zenye mahadhi. Kinsella mwenyewe alikuwa mpiga ngoma wa Cap'n Jazz angali kijana mdogo. Lakini lilipofika huko jina lilikuwa limekwisha kuwa hukumu: lilidai kwamba kiini cha kazi hizi ni hisia, na kwamba fani ni gunia la kuzibebea hisia hizo. Mhakiki aliyeanza na jina alimalizia na jina, na katikati hakusikiliza kitu.

Basi na isikilizwe. Jambo la kwanza linalomkabili msikilizaji ni uhaba wa maneno. Kati ya nyimbo tisa, mbili hazina maneno kabisa. Wimbo uitwao "Stay Home" una zaidi ya dakika 8, na sehemu kubwa ya mwanzo wake hupita kabla ya mwimbaji kutamka chochote. Anapotamka, ni mishororo michache inayorudiwarudiwa mpaka inapoteza uzito wa kauli na kuwa ala nyingine miongoni mwa ala. Hata kwingineko sauti haikuwekwa mbele. Imekaa ndani ya gitaa kama mtu anayezungumza katika chumba cha pili mlango ukiwa nusu wazi. Kama hii ni shajara, basi ni shajara ambayo kurasa zake nyingi zimeachwa tupu, na mwandishi wake hakuona haja ya kuomba radhi kwa hilo.

Jambo la pili ni lile ambalo maneno hayo machache hulitenda. Wimbo unaofungua albamu, "Never Meant", ndio uliopata umaarufu kuliko wote. Nafsineni wake humsihi mwenziwe kwamba yaliyotamkwa na kutendwa baina yao yafutwe, yahesabiwe kuwa hayakukusudiwa. Hii ni kauli inayojifuta yenyewe. Shajara huandikwa ili jambo lisipotee, na wimbo huu unaomba jambo lipotee. Ni ajabu kuu kwamba wimbo ambao dhamira yake ni kuibatilisha kumbukumbu umegeuzwa na wapenzi wake kuwa kielelezo cha ungamo la moyo. Aliyeungama ni nani, ikiwa mwenye kusema anakana papo hapo kwamba alisema?

Tena kuna majina ya nyimbo. Wimbo wa tano unaitwa "You Know I Should Be Leaving Soon", nao ni mmojawapo wa zile mbili zisizo na maneno. Sentensi nzima, yenye nafsi mbili na nia ya kuondoka, imewekwa kwenye jalada, kisha inapofika zamu ya kuimbwa hakuna anayeimba. Aliyesema anaondoka amekwisha kuondoka. Jina la wimbo wa sita linaanza na kiunganishi cha kupinga na linataja majuto, na la saba linaahidi kwamba wawili hao wataonana pale ambapo hawatakuwa tena na jazba. Majina haya matatu yakisomwa kwa mfuatano ni ujumbe mmoja, na theluthi yake ya kwanza imekabidhiwa ala. Izingatiwe pia kwamba pale ambapo neno lenyewe lililoupa utanzu jina lake linapotokea katika albamu, linatokea kama homa inayosubiriwa ipoe. Kinaya hiki kiko wazi kwenye jalada, kimechapwa kwa wino, na bado kuna wahakiki wanaoandika kuhusu kazi hii kana kwamba hakuna aliyecheka wakati wa kuitunga.

Pengine itajibiwa kwamba haya ni mapambo ya pembeni, na kwamba kinachomgusa msikilizaji ni ile huzuni. Huzuni ipo, hakuna anayeikana. Suala ni imetoka wapi. Maneno yenyewe, yakichapwa peke yake, ni mepesi. Hilo likubaliwe bila kuzungushwa: ni maneno ya mwanafunzi anayeachana na mpenzi mwishoni mwa mwaka wa masomo, na lugha yake ina adabu ya barua rasmi, imejaa vihusishi na tahadhari, kama mtu anayeogopa kunukuliwa. Yapo maelfu ya mashairi ya aina hiyo katika madaftari ya wanafunzi wa kila chuo duniani, na hayajamliza mtu aliyezaliwa baadaye katika bara jingine. W. K. Wimsatt na Monroe Beardsley walikwisha kuonya mwaka 1946 kwamba nia ya mtunzi si kipimo cha kazi, na T. S. Eliot alikwisha kudai mwaka 1919 kwamba ushairi si mahali pa kumimina hisia za mtunzi bali pa kuziepuka. Maonyo haya hufundishwa katika muhula wa kwanza wa shahada ya uzamili, kisha husahauliwa mara tu kazi inayohakikiwa inapokuwa na gitaa.

Chimbuko la huzuni hiyo ni mpangilio. Gitaa mbili zimefungwa nyuzi kwa namna isiyo ya kawaida, hivi kwamba mkono ukiziacha wazi bila kubana chochote zinatoa sauti ya mwafaka iliyo tamu na isiyotulia. Katika "Never Meant" nyuzi hizo ni F, A, C, G, C, E. Hakuna gitaa linaloongoza na jingine kufuata. Kila moja hupiga vipande vifupi vya noti mojamoja, na mahadhi anayoyasikia msikilizaji hayapigwi na mpigaji yeyote kati ya hao wawili, bali huzaliwa katika upenyo uliopo kati yao. Chini yake ngoma za Lamos huhesabu mapigo ambayo mara nyingi hayamalizikii pale ambapo gitaa zinamalizikia. Matokeo yake ni kwamba sehemu moja ya wimbo hufika na nyingine ikawa bado njiani. Kuchelewana huku ndiko kunakosikika kama majuto. Hakuhitaji neno, na neno linapokuja linakuta kazi imekwisha kufanywa.

Wanabendi wenyewe wamewahi kumtaja mtunzi Steve Reich miongoni mwa waliowafunza kusikia hivyo. Kwa idara ya fasihi katika Afrika jambo hili lina mkia unaostahili kufuatwa, japo kwa ufupi. Reich alikwenda Ghana mwaka 1970 kusomea upigaji ngoma katika Chuo Kikuu cha Ghana, Legon, na mwaka uliofuata akatoa kazi yake kubwa iitwayo "Drumming". Reich mwenyewe alisema safari hiyo ilimthibitishia jambo alilokuwa akilitafuta tayari, na haingefaa kumchukulia zaidi ya alivyokiri. Hata hivyo, mhakiki anayeiita albamu hii sauti safi ya vitongoji vya Wamarekani weupe na kuishia hapo amekata kamba mahali panapomfaa yeye. Mdundo una nasaba ndefu kuliko mpigaji wake.

Katika istilahi ya Wolfgang Iser, kazi ya sanaa huwa na mapengo ambayo msomaji huyajaza, na ni katika kuyajaza ndimo maana hutokea. Nadharia hii imetumiwa hovyo mara nyingi, mpaka kila kifungu kisichoeleweka kimeitwa pengo. Lakini hapa inafaa kwa maana yake halisi, kwa sababu mapengo ya albamu hii yanaweza kupimwa kwa saa: dakika zisizo na neno, sentensi zisizo na mwimbaji, na nafsinenewa asiye na jina. Msikilizaji wa mwaka 2010 hakupewa habari za mapenzi ya kijana wa Urbana. Alipewa chumba kilichohamwa.

Na hapa ndipo hoja ya athari inapoingia. Maelezo yaliyozoeleka ni kwamba albamu ilifufuka kwa sababu waliokuwa vijana mwaka 1999 walizeeka, wakapata fedha na kuanza kuulilia ujana wao. Maelezo haya yana mvuto wa urahisi, ila hayalingani na matukio. Walioibeba kazi hii katika miaka ya ukimya hawakuwa wazee wake. Walikuwa watoto wadogo ilipotolewa. Kufikia mwaka 2008 gitaa za namna hii zilisikika Oxford, Uingereza, katika kazi ya This Town Needs Guns. Zilisikika Michigan katika kazi ya Empire! Empire! (I Was a Lonely Estate). Na kizazi kizima cha makundi ya Marekani, ambacho kufikia takribani mwaka 2013 magazeti yalikuwa yakikiita ufufuo wa emo, kilijifunza kufunga nyuzi upya kabla ya kujifunza kuandika mashairi. Mtu hawezi kuwa na kiu ya jana ambayo hakuiishi. Walichokirithi kilikuwa ufundi, na ufundi hurithiwa kwa vidole.

Isitoshe, tarehe zenyewe zinaikanusha nadharia ya unyofu. Miaka ambayo emo ilivuma duniani, kuanzia takribani 2001 hadi 2007, miaka ya Dashboard Confessional na My Chemical Romance, ndiyo miaka ambayo albamu ya American Football ilikuwa kando ya njia kuu. Kama watu walikuwa wakitafuta moyo uliofunguliwa, basi soko lilikuwa limejaa mioyo iliyofunguliwa, mingine ikiwa imepakwa wanja. Nyimbo za wakati huo ziliweka sauti mbele, zikaeleza kila jambo, na zikawapa wasikilizaji maneno ya kuimba pamoja uwanjani. Si kwamba zilikuwa mbaya zote; "The Black Parade" ya mwaka 2006 ni kazi ya ujasiri kwa kipimo chochote. Lakini ukoo wake ni mwingine. Wimbi hilo lilipokupwa, kilichobaki mchangani kilikuwa albamu iliyosema machache.

Jorge Luis Borges aliwahi kudai, katika insha yake ya mwaka 1951 kuhusu Kafka, kwamba kila mwandishi huwaumba waliomtangulia. Dai hilo linafaa kuwekwa mbele ya wale wanaoizungumzia athari kama maji yanayotiririka kutoka juu kwenda chini. Albamu ya mwaka 1999 haikuwa chemchemi mpaka waliokuja baadaye walipochimba. Wao ndio waliochagua kwamba kazi ya kundi lililokwisha kuvunjika iwe mwanzo, na katika kuchagua waliiacha sehemu kubwa ya emo ya wakati wake, ikiwamo kazi iliyosifiwa zaidi ilipotoka. Jambo walilolichagua linaonekana kwa kuangalia walichokirudia: usukaji wa gitaa, tarumbeta inayoingia pale ambapo msikilizaji anatarajia sauti ya mtu, majina marefu yenye utani, nyimbo zinazokoma bila kuhitimishwa. Waliorudia machozi peke yake nao walikuwapo, na wengi. Hao hawatajwi hapa kwa sababu hakuna anayewakumbuka.

Ushahidi mwingine ulitolewa na bendi yenyewe bila kukusudia. Albamu ya pili ya mwaka 2016 ilimweka mwimbaji mbele. Kinsella alikuwa sasa mtu mzima, baba wa familia, mwenye mengi ya kweli ya kusema, na aliyasema kwa ufasaha zaidi. Kwa kipimo cha unyofu hii ilipaswa kuwa kazi bora kuliko ya kwanza. Ni kazi nzuri ya kawaida. Mapengo yamezibwa, na msikilizaji anabaki mgeni katika nyumba yenye wenyewe. Ya tatu, ya mwaka 2019, ilirefusha tena nyimbo, ikarudisha nafasi kwa ala, na ndiyo iliyokaribia zaidi nguvu ya ile ya awali.

Hadi hapa utetezi umekuwa rahisi. Kuna shtaka moja ambalo si rahisi, na watetezi wengi hulikimbia. Mwaka 2003 mhakiki Jessica Hopper alichapisha katika jarida la Punk Planet insha iliyoushtaki utanzu huu wote kwa kumnyang'anya mwanamke uhai wake. Katika nyimbo hizi, alisema, mwanamke hana jina, hana kazi, hana maisha nje ya jeraha alilomtia mwimbaji. Na wasichana waliosimama mbele ya jukwaa walipewa nafasi ya kuwa chanzo cha maumivu ya wanaume, basi. Hopper hakuwa adui wa nje. Alikuwa mtu wa jamii hiyohiyo ya panki, aliyewajua waliokuwa wakiimba.

Wanaoisoma albamu ya American Football kama ungamo hawana jibu kwa Hopper, na hawastahili kuwa nalo. Ikiwa thamani ya wimbo ni kwamba kijana alisema kweli ya moyo wake, basi kweli hiyo inajumuisha kwamba moyo wake haukumwona mwenziwe. Unyofu haumwokoi, unamtia hatiani. Usomaji wa kifani una jibu, ila ni jibu la nusu, na heri liwe hivyo. Katika albamu hii hata nafsineni anafifia; hakuna anayemiliki uwanja, na nafsinenewa hatukanwi wala halaumiwi kama ilivyokuwa ada ya utanzu. Ukimya wake unasikika kuwa ukimya. Hata hivyo, pengo lenye umbo la mtu si mtu. Mhakiki anayedai kwamba nafasi tupu ni heshima kwa mwanamke asiyesema anatumia nadharia ya Iser kama pazia.

Jibu lililokamilika zaidi halikutoka kwa mhakiki. Katika albamu ya mwaka 2019 nyimbo tatu zinaimbwa pamoja na wanawake: Elizabeth Powell, Hayley Williams na Rachel Goswell. Si waitikiaji wa kupamba. Wanaingia mahali palepale ambapo miaka 20 kabla palikuwa pameachwa wazi. Kisha mwaka 2024, albamu ya kwanza ilipotimiza miaka 25, Polyvinyl ilitoa pamoja na toleo jipya mkusanyiko wa wasanii wengine wakiziimba nyimbo zilezile. Humo Ethel Cain aliuchukua "For Sure", wimbo ambao katika asili yake ni wa dakika 3 na kidogo na wenye maneno machache mno, akaurefusha kupita kiasi, akaufanya utambae kama ukungu. Huo ni uhakiki. Alisikia kwamba wimbo uliachwa ukiwa na mlango, akaingia, akakaa humo kwa muda aliotaka yeye. Ni vigumu kuona ni kitabu gani cha nadharia ya upokezi kilichowahi kuonyesha jambo hilo vizuri zaidi.

Lipo shtaka la pili, la tabaka, nalo huelezwa kwa dharau: kwamba hii ni huzuni ya wenye nafasi, watoto wa chuo wasio na tatizo kubwa kuliko mwisho wa kiangazi. Ni kweli kwamba ulimwengu wa albamu ni finyu. Hakuna kodi ya nyumba ndani yake, hakuna polisi, hakuna rangi ya mtu. Lakini huyo mpiga tarumbeta, Steve Lamos, baadaye alikuwa mwanazuoni wa taaluma ya uandishi katika Chuo Kikuu cha Colorado, na mwaka 2011 alichapisha kitabu kuhusu ubaguzi wa rangi katika ufundishaji wa uandishi vyuoni, ambacho kiini chake ni historia ya programu ya wanafunzi wachache katika chuo hichohicho cha Illinois. Hili halibadilishi albamu hata kwa noti moja, na haliongezi thamani yake. Linaonyesha tu kwamba anayechukulia ukimya wa kazi kuwa ujinga wa mtunzi amekosea kwa namna ileile ya anayechukulia maneno ya kazi kuwa moyo wa mtunzi.

Kwa nini yote haya yaihusu idara inayofundisha fasihi? Kwa sababu wimbo unazidi kuingia katika silabasi, na namna unavyoingia ni moja: maneno yanachapwa, nakala zinagawiwa, wanafunzi wanaulizwa maudhui ni yapi na mbinu za lugha ni zipi. Hata wale waliolelewa katika mabishano ya vina na mizani, ambao tangu Amri Abedi mwaka 1954 wameshikilia kwamba shairi ni la kuimbwa, huliandika ubaoni na kulihesabia mizani bila sauti ya mtu kusikika darasani. Albamu ya American Football ikitiwa katika utaratibu huo itatoka ikiwa imefeli, na itafeli kwa haki, kwa kuwa kilichopimwa si kazi yenyewe. Mwanafunzi atakuwa amefundishwa kwamba wimbo wa dakika 8 wenye mishororo michache una mishororo michache, na dakika nyingine ni hewa. Akitoka hapo aende kuhakiki utumbuizo, au ala inayotangulia uimbaji katika taarabu, atafanya vivyo hivyo, kwa dhamiri safi.

Jalada la albamu ni picha ya nyumba ya mbao mjini Urbana, iliyopigwa na Chris Strong. Nyumba hiyo imekuwa mahali pa kuhiji. Watu husafiri kutoka mbali, husimama barabarani, hupiga picha kwa pembe ileile. Mwaka 2023, ilipokuwa katika hatari ya kubomolewa ili kujengwe kingine, ilinunuliwa na wanabendi, kampuni yao, mpigapicha na washirika wengine. Haidhuru, nyumba ni ya zamani na ilistahili kuokolewa. Ila wapo wanaozungumza sasa kana kwamba siri ya albamu imehifadhiwa ndani ya kuta zile, na kwamba atakayepanda ngazi ataikuta juu. Picha yenyewe haikupigwa kutoka ndani. Hakuna mtu anayeonekana humo. Kuna dirisha la juu lenye mwanga, na aliyelitazama alikuwa amesimama chini, nje.